Diski mpya kila mara, mtetemo uleule

Ukiishi Lushoto na biashara yako iko Tanga, barabara ya Soni huikwepi. Toka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33, na ndani ya kilomita hizo gari linashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mkono mmoja mlima na mkono wa pili bonde. Mimi hushuka nimepakia karoti na kabichi mpaka gari linakaa chini nyuma. Kwa hiyo usukani ulipoanza kunicheza mikononi kila nikikanyaga breki, sikungoja uzoeleke.

Ulicheza nilipokanyaga breki tu, hasa breki zikishapata moto. Nikiachia, kimya. Balansi mbovu ya magurudumu hutetemesha gari hata mguu ukiwa mbali na pedali, kwa hiyo balansi nikaiondoa kwenye hesabu. Na kwa kuwa kilichocheza ni usukani, wala si kiti, nikajua ugonjwa uko magurudumu ya mbele.

Gereji ya kwanza jibu lilikuwa fupi: "Dada, diski zimepinda. Tuziskimu au uweke mpya." Diski ndiyo ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ambayo pedi huibana ukikanyaga breki. Tukaziskimu kwenye mashine ya kukereza, gari likawa laini kabisa. Miezi michache, mtetemo ukarudi. Nikanunua mpya, laini tena, halafu ukarudi. Gereji nyingine wakasema nimeuziwa feki. Kwingine fundi akaniambia wanawake tunakanyaga breki vibaya. Huyo sikurudi kwake.

Mimi kilichonisumbua ni ule muda. Diski iliyonunuliwa ikiwa imepinda ingetetemesha gari siku ileile inapofungwa. Za kwangu zilikuwa nzima zinapoingia, kisha zinaharibikia kwangu, taratibu, tena kila seti. Maana yake kuna kitu kwenye gari kinachoziharibu, na kubadilisha diski bila kukitafuta ni kumtajirisha mwenye duka la spea.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima pale Tanga. Nilipomaliza kumwamkia na kumweleza, hakuuliza diski ni za aina gani. Aliuliza, "Mwanangu, hiyo habu inapokaa diski, kuna mtu aliyewahi kuisafisha?" Nikamwambia sijawahi kumwona anayeisafisha. "Basi diski tuiache kwanza, tupime."

Alifungua gurudumu la kushoto, akarudisha nati zote na kuikaza diski kwenye habu, kisha akaegesha geji ya mshale kwenye stendi ya sumaku, ncha yake ikigusa uso wa diski karibu na ukingo. Akaizungusha diski kwa mkono, polepole. Mshale ulipanda na kushuka, tofauti ikawa milimita 0.12. Kitabu cha gari langu kinataka isizidi 0.05. Karatasi ya daftari yenyewe ina kama 0.1, kwa hiyo macho hayawezi kukiona kitu kama hicho, na ndiyo maana watu wote walikuwa wanakisia.

Akaitoa diski. Ile sahani ya habu ilikuwa na magamba ya kutu, manene upande mmoja. Hewa ya chumvi ya Tanga, mvua za mlimani, na miaka ambayo hapajawahi kupita brashi ya waya. Kila diski mpya ilikuwa inafungwa juu ya magamba yale, inakaa upande kidogo. Ukiendesha, hata hujakanyaga breki, ile sehemu iliyotokeza inazisugua pedi kila mzunguko. Baada ya kilomita elfu kadhaa, hapo pamekuwa pembamba kuliko kwingine, au pamegandwa na mabaki ya pedi. Ukikanyaga, pedi zinapita mahali penye unene tofauti, pistoni inasukumwa mbele na nyuma, nawe unausikia mtetemo mguuni na kwenye usukani. Kumbe nyingi ya diski tunazoambiwa zimepinda hazijapinda hata kidogo. Unene wake tu ndio umepishana. Na ndiyo sababu kuskimu kulinipa nafuu ya muda: diski ilinyooshwa kwenye mashine, halafu ikarudishwa palepale kwenye kutu.

Alikwangua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, hata kuzunguka shina la kila stadi (zile bolti zinazoshika nati za gurudumu), mahali ambapo brashi kubwa haifiki. Kijana wake akataka kupiga rangi ili kutu isirudi, akamkatalia: rangi nayo ina unene. Tukafunga diski mpya, geji ikasoma 0.07. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo gereji zote zile hakuna aliyelifanya. Gari langu lina stadi tano, kwa hiyo diski inaweza kukaa kwa namna tano. Aliweka alama ya chaki, akaitoa, akaisogeza tundu moja, akapima tena. Kasoro ndogo ya habu na kasoro ndogo ya diski huweza kujumlishana au kufutana, inategemea zimekutana wapi. Tundu moja lilitupa 0.03, akaifunga hapo.

Upande wa kulia habu ilikuwa na kutu kidogo tu, ila pini ya chini ya kalipa, kile kibano kinachozisukuma pedi kwenye diski, ilikuwa imekwama. Mpira wake umechanika, vumbi na maji vimeingia, na pedi ya ndani imelika kuliko ya nje. Kalipa ya namna hiyo haiachii vizuri, pedi inaburuza njia nzima na diski inachemka bure. Tukaweka mipira mipya na grisi maalumu ya breki. Ile grisi ya kawaida huvimbisha mpira, pini ikakwama upya.

Pedi zilikuwa mpya, kwa hiyo tuliporudi akaniambia nizikalishe, yaani nizizoeshe diski taratibu. Tambarare ya Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, niliposhika nafasi barabarani nilikuwa napunguza toka kilomita 60 kwa saa hadi 10 hivi bila kusimama kabisa, naongeza mwendo, narudia, kisha natembea bila kugusa breki ili zipoe.

Mengine ni juu yangu. Fundi pancha anayerukia bomba la spana ili nati "zisiachie" anaweza kuharibu kazi yote, maana nati zilizokazwa kwa nguvu tofauti zinaipindua diski. Nilinunua spana ya kupimia nguvu, gari langu linataka 103 Nm (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na huwa nakaza kwa kuvuka, nati moja halafu ile ya upande wa pili, wala si kwa kufuatana. Vijana wa pancha wa Mombo walinicheka mwanzoni. Siku hizi wananiachia mwenyewe.

Mteremkoni nafuata wanachosema madereva wa malori, kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Gari ni la otomatiki, kwa hiyo naweka 2, na penye mwinuko mkali L. Nakanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, naachia zipumue. Kuliko kuegesha mguu juu ya pedali toka Soni hadi chini. Nikifika njia panda ya Mombo breki zikiwa za moto, napunguza mapema na kuacha nafasi mbele, nisije nikasimama huku nimezibana pedi kwenye diski sehemu moja. Na hakuna wa kunimwagia maji magurudumu mpaka yapoe.

Tangu hapo pedi zimeshaisha na nimeweka nyingine, diski ni zilezile. Wakati wa kubadilisha tulizipima kwa maikromita sehemu kadhaa kuzunguka uso wake: unene ulilingana, na bado ziko juu ya kile kipimo cha mwisho cha unene kilichogongwa kwenye ukingo wa diski. Pedi zijazo huenda zikazikuta zimefika kikomo, na hapo nitanunua nyingine kwa sababu zimelika. Geji ya mshale nimeshanunua ya kwangu, ya bei ya kawaida tu, inakaa kwenye buti pamoja na brashi ya waya.