Nilivyotoa rangi ya kahawia kwenye meno bila kuyachonga

Mi ni mtu wa Meru, nimekulia Maji ya Chai kule Arusha, na anayeyajua maji ya kule anayajua na meno yetu. Floraidi imejaa kwenye maji kwa sababu ya miamba ya volkano, mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi basi yanakuja kuota na mabaka ya kahawia, mengine na vishimo, na hapo hakuna cha mkaa wala limao maana rangi iko ndani ya jino lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwetu kuna vyanzo vinaipita hiyo mara kadhaa, na bado maharage tunayatia magadi ambayo nayo yana floraidi yake.

Nimekaa Dar miaka mingi nacheka huku nimeziba mdomo. Nilipopata hela nikaenda kliniki moja, daktari kanitazama fasta tu akasema tunachonga meno yote ya mbele juu tunavika vinia nyeupe, yale maganda membamba ya kubandika juu ya jino, akanionyesha picha, yaani meno yote saizi moja meupe kama vigae vya bafuni. Nikasema ahsante nitarudi na sikurudi. Meno yangu yalikuwa mazima hayana tundu hata moja, shida rangi tu, na enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, ikishachongwa haioti tena, vinia nayo ina umri wake, ikichoka baada ya miaka kumi au kumi na tano unavalishwa nyingine, ndo maisha yako yote hayo.

Daktari niliyemkubali ni dada mmoja mtulivu sana. Alinikalisha karibu na dirisha, akaniambia mdogo wangu futa lipstiki kwanza, akachukua vile vijino vya mfano vya rangi mbalimbali akawa anaviweka kimoja kimoja pembeni ya jino langu, kabla hajagusa chochote, kwa sababu jino likikauka linaonekana jeupe kuliko lilivyo halafu unachagua rangi ya uongo. Akanipa kioo niangalie mwenyewe: karibu na fizi jino lina unjano kidogo, katikati linang'aa, kule nchani linapitisha mwanga mpaka linakaribia ubluu. Akasema, "Nikikuwekea rangi moja juu mpaka chini, kila mtu atajua ni ya kubandika."

Alianza kuyasugua kwa jeli yenye asidi na unga laini, meno yamezungushiwa mpira ili fizi zisiungue, inatoka ngozi nyembamba sana ya juu na kahawia nyingi inaondoka nayo. Halafu akanitengenezea trei za kuvaa nyumbani usiku zenye jeli ya kung'arisha. Hapa wengi wanakata tamaa kwa sababu mwanzoni mabaka meupe yanazidi kujitokeza, meno yanakufa ganzi hata kwa maji ya kawaida, ila alinitahadharisha mapema na akanipa dawa ya meno ya ganzi, taratibu rangi ikaanza kufanana. Tukasubiri kama wiki mbili maana oksijeni inayobaki kwenye jino inazuia kompositi, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, kushika vizuri. Kompositi yenyewe aliweka kwenye meno mawili tu yenye vishimo, tabaka kwa tabaka, la ndani zito la kuficha doa, la juu linalopitisha mwanga, kila moja anakausha na taa ya bluu, mwisho akachora vimistari vidogo vidogo vilivyopo kwenye jino halisi. Hiyo kazi ya vimistari ndo inayofanya jino liwe jino, na ndo wengi wanairuka.

Mama aliponiona alisema tu nimenawiri.

Sisemi vinia ni mbaya, ambaye enameli yake inameguka anazihitaji kweli. Kama meno ni mazima, omba njia hii kwanza, na jiandae kurudi kung'arishwa kompositi coz inashika rangi ya chai.

Na wenye watoto kule nyumbani, kuchemsha maji hakutoi floraidi, yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto wameshughulika sana na vichujio vya mkaa wa mifupa vya kutoa floraidi, kawaulizeni. Wifi yangu anakinga mvua kwa ajili ya maji ya kunywa na uji wa watoto, magadi kaacha kabisa, maharage analoweka usiku.