Tangazo la kwanza kwenye video yangu

Jamani leo nimeona tangazo la kwanza limetokea kwenye video yangu ya samaki wa kupaka, nimelia kweli, mana hii chaneli nilianza mwaka juzi kwa simu ya mama hapa hapa jikoni kwetu Tanga. Wengi mnaniuliza monetaizesheni ndo nini, ni kile kitu ulichonacho unakigeuza kiwe kinaingiza hela. YouTube kwa video ndefu lazima ufikishe wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo uanze kupata hela ya matangazo, hapo wewe unachukua asilimia 55 wao 45, na haitoki mpaka ifike dola 100 kwahiyo bado nasubiri. Masaa ndo yalinitesa, wafuasi walikuja tu. Alafu mdogo wangu anaesoma uchumi kaniambia kwao neno hilohilo la monetaizesheni ni benki kuu kutengeneza pesa mpya kulipia deni la serikali, Zimbabwe walifanya hivyo bei zikapanda mno, wakafika mpaka noti ya dola zao trilioni 100 mwaka 2009! Nilishtuka, nikamwambia akae chini anieleze tena taratibu.