Siku ya Kupima Winam

Matatu ilituondoa Nakuru kabla ya mapambazuko. Mau Summit baridi ikatupata hasa, Kericho tukaipita ndani ya ukungu, na tulipofika Ahero kwenye mashamba ya mpunga kila mtu alikuwa anavua sweta.

Binamu yangu anasomea mambo ya maji, na darasa lao lilikuwa linakwenda kupima Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria pale Kisumu. Nilijialika. Pale Dunga tukapanda boti la mbao, nahodha mzee mmoja asiye na haraka.

Nilitarajia mitambo. Kilichotolewa kwanza ni kisahani cheusi na cheupe, kimefungwa kwenye kamba yenye alama. Hupima uangavu wa maji: unakiteremsha polepole, macho yakikipoteza, unasoma kamba. Hata mita moja hakikufika, kikamezwa na ukijani. Kikafuata kipimajoto cha waya. Upepo ukatusukuma, binamu akafuta namba zake, tukaanza upya. Kusema kweli, kazi yenyewe ni kungoja.

"Shukuru uko hapa," akaniambia. Mwaka 2019, Polarstern, meli ya Ujerumani ya kuvunja barafu, iliachwa makusudi inaswe na barafu ya Aktiki kwa ajili ya utafiti, ikachukuliwa nayo miezi mingi. Chini yake bahari ilipita mita 4,000, na vifaa vilishushwa kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye barafu. Maputo ya kupima hewa yalirushwa kila siku, hata majira yale ambayo jua halichomozi kabisa. Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa Norwei, alijaribu hivyo hivyo na meli yake Fram kuanzia 1893, akiitaka Ncha ya Kaskazini, hakuifikia. Mimi baridi ya Molo yanitosha.

"Kwani huko anaishi nani, hata mhangaike?" mzee akauliza.

Hakuna, na shida ndiyo hiyo. Pasipo watu hapana vituo vya hali ya hewa, na mtabiri wa hali ya hewa asiyepata vipimo vya meli hubaki akitegemea zaidi setilaiti. Mzee alielewa haraka kuliko mimi. Hata ziwani kwake utabiri ni uhai: usiku upepo wa nchi kavu hutoka kila upande, ukakutana juu ya ziwa lenye joto na kupanda, dhoruba ikazaliwa wakati wavuvi wa omena wako majini na taa zao.

Alasiri mawingu yakajijenga upande wa Nandi.

"Kunjeni, wanangu."

"Mzee, bado kituo kimoja tu."

Akawasha injini. Binamu akaandika daftarini: hakikupimwa, upepo.