Nilivyokereza shafti ya stenlesi kwa mashine kuukuu

Karakana yetu ya Mwanza hupokea pampu nyingi, na kwenye pampu stenlesi haikosi. Safari hii ililetwa shafti, yaani mhimili unaozunguka ndani ya pampu, iliyolika pale inapokaa beringi namba 6308, yenye tundu la mm 40. Nikaamua kutengeneza mpya kwa nondo ya stenlesi 304 ya mm 50.

Kasi naipiga hesabu kichwani: mita za kukata kwa dakika, mara 320, gawa kwa kipenyo cha milimita, napata mizunguko kwa dakika. Chuma cha kawaida nakipa mita 30 kwa kisu cha HSS, yaani chuma kigumu cha visu vya kukatia. Stenlesi siipi zaidi ya 20. Kwa mm 50 inatoka mizunguko 128. Kisu cha kabaidi, kigumu kuliko HSS lakini chepesi kuvunjika, kingetaka mita kama 120, yaani mizunguko karibu 770, na mashine yetu ikikata kina kirefu kwa kasi hiyo inatetemeka. Kabaidi haiogopi joto, inaogopa kutikiswa: ncha humeguka. Basi HSS nikaipa kazi ya kupunguza unene, kabaidi nikaibakizia umaliziaji.

Mafundi wengi wakishaambiwa stenlesi ni ngumu, wanakisogeza kisu kwa woga, kidogo kidogo. Naona ndiyo njia ya haraka ya kuua kisu. Stenlesi ya aina hii ikisuguliwa bila kukatwa, uso wake unazidi ugumu, na mkato unaofuata unakutana na ngozi hiyo. Dawa ni kupita chini yake. Nilikata kina cha mm 1.5, kisu kikisogea mm 0.2 kila mzunguko, na sikukiacha kisimame kikigusa shafti inayozunguka. Maji ya mafuta yalimiminika mfululizo, si kwa matone, kwa sababu stenlesi haisafirishi joto vizuri. Linabaki kwenye ncha ya kisu. Maganda yalitoka marefu kama utepe, nikayavuta kwa ndoano. Mkono hapo usipeleke.

Nilipofika mm 40.5 nilisimamisha kila kitu, shafti ipoe. Beringi ilihitaji shafti yenye kipimo kati ya mm 40.002 na 40.018. Shafti hiyo ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kawaida, kipenyo kinavimba karibu mm 0.02, kwa hiyo maikromita, chombo changu cha kupimia kipenyo, ingenidanganya kwa upana wote wa nafasi niliyonayo. Urefu nao huongezeka, ndiyo maana senta ya nyuma, ncha inayoshikilia mwisho wa shafti, niliilegeza kidogo kila baada ya mkato mzito. Kisha kabaidi mpya, kina karibu mm 0.25, mwendo mm 0.1. Ilipopoa tena nikapata 40.010.

Mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga shafti na kinachozungushwa nayo) wa mm 12 nilipeleka kwa jirani mwenye mashine ya milingi, ambayo kisu ndicho kinachozunguka. Nilimwomba mita 15, yaani mizunguko 400, kina mm 5. Alitaka kwenda mara mbili ya hapo. Nikamwambia akiunguza kisu chake sinunui kingine.