Nilivyofika kilele cha Meru baada ya kurudishwa Rhino Point

Nimeishi Sakina, hapa Arusha, miaka kumi na tisa, na kila asubuhi nikifungua kibanda changu cha ushonaji, cha kwanza kukiona ni Mlima Meru. Ukivaa kofia ya wingu najua nguo za wateja zianuliwe. Mteja akipotea namwelekeza kwa mlima. Kuupanda sikuwahi kukuwaza mpaka siku nilipompunguzia suruali kijana mmoja mpagazi, akanisimulia usiku wa kilele huku nikimpima kiuno. Alipoondoka kazi haikusogea tena siku ile.

Sasa nimeshafika huko juu, mita 4,566. Naandika kwa furaha, ila pia kwa hasira niliyo nayo bado juu ya ushauri niliopewa mwanzoni.

Wa kwanza ulikuwa huu: "Meru ni mlima wa mazoezi tu." Ni kweli wengi hupanda Meru kwanza ili wazoee hewa kabla ya kwenda Kilimanjaro, lakini hilo halijaufanya kuwa kichuguu. Usiku wa kilele peke yake unapanda karibu mita elfu moja, gizani, mkono wa kushoto una kasoko, lile shimo kubwa la volkano. Ushauri wa pili nilipewa na jirani ninayemheshimu sana: nisinywe maji mengi, nitapata taabu ya kutoka usiku kwenda chooni kwenye baridi. Wa tatu: nikaze mwendo siku mbili za mwanzo ili niwahi kambini nipumzike. Nikaushika wote kama amri.

Mara ya kwanza tulikwenda Januari, mimi, mdogo wangu na rafiki zake wawili. Hela niliitoa kwenye mgao wa vikoba. Kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ulimo mlima, kwa sisi raia hakiumizi. Kinachoumiza ni ukijumlisha malazi, kiongozi, mpishi, wagumu (ndivyo wapagazi wanavyoitana) na usafiri; tukigawana ilifika laki nne na ushee kwa kichwa. Ukiwa peke yako ni zaidi.

Pale geti la Momella tulipewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, na yeye ndiye anayetangulia. Bunduki ile ni kwa ajili ya nyati, na wapo wengi kweli. Mimi nilikuwa na nguvu za siku ya kwanza, nikawa namkanyaga visigino, mpaka akageuka akasema kwa upole, "Mama, kaa nyuma yangu, na uangalie msitu." Sikuuangalia. Nilipita kwenye msitu ule kama anayewahi daladala ya mwisho. Kambi ya Miriakamba, mita 2,514, niliingia wa kwanza. Kesho yake ni ngazi, ngazi, ngazi. Tukapita Topela Mbogo, tukapita Mgongo wa Tembo, na kambi ya Saddle, mita 3,570, nikaingia tena wa kwanza, saa sita mchana, nikiwa nimekunywa labda nusu lita ya maji tangu asubuhi. Nilijiona shujaa.

Jioni kichwa kilianza kugonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikanyamaza. Chakula kilikataa kupita. Nikanyamaza tena, kwa sababu niliogopa kiongozi akijua ataniacha kambini. Mtu yeyote anayesoma hapa na ana mpango wa kupanda, nakuomba usifanye nilichofanya. Kichwa kikiuma sema. Kinywa kikikataa chakula sema.

Saa nane usiku tukaondoka. Nilivaa jinzi na sweta la pamba. Taa yangu ilikuwa tochi ya simu, na hata nusu saa haikufika, baridi ikamaliza chaji, nikawa natembea kwa mwanga wa mtu wa mbele. Jasho lilikuwa limelowanisha sweta, na kila tukisimama linakuwa kama limetoka frijini. Kufika Rhino Point, mahali pa kusimama juu ya Saddle, nikatapika. Nikajifuta kwa mgongo wa mkono nikasema twende. Kiongozi hakunijibu. Aliniambia nitembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka, nikayumba. Kisha akaniuliza majina ya watoto wangu, nikamtajia.

"Mama," akasema, "juzi kwenye gari uliniambia una watoto watatu. Umenitajia wawili."

Nililia. Nilimwomba. Nilimwambia nimeweka hela mwaka mzima. Yule kijana, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano, alinishika mkono kama anayemshusha bibi yake ngazi, akanirudisha Saddle, na kulipopambazuka tukaendelea kushuka hadi Miriakamba. Na hapo ndipo nilipostaajabu: kichwa kilichokuwa kinataka kupasuka kilikuwa kimetulia kabisa. Sikuwa nimemeza chochote. Tulikuwa tumeshuka mita elfu moja na ushee tu. Akanieleza kwamba huko juu kila pumzi unayovuta ina hewa pungufu, karibu na kilele ni kidogo kuzidi nusu ya ile ya pwani, na mwili unaweza kuzoea ila unataka siku zake. Ukiukimbiza unagoma. Ukigoma, dawa ya uhakika ni kushuka, na mtu anayeyumba na kusahau akiendelea kupanda anaweza kufa. Yule kijana namuombea dua mpaka leo.

Nilirudi baada ya mwaka mmoja na mwezi. Mazoezi niliyafanya kilima cha Suye, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, nikiwa na begi lenye kilo kumi za sembe mgongoni. Kupanda ni pumzi, kushuka ni magoti, na magoti ndiyo watu wengi hawayafanyii mazoezi. Viatu nilivipata mitumba ya Tengeru siku ya soko, Jumamosi, namba moja zaidi ya ninayovaa, kwa sababu kwenye kushuka vidole vinasukumwa mbele na kiatu kinachokukaa sawasawa kitang'oa kucha.

Nguo sasa, hapo nilikuwa nyumbani. Nilinunua makoti mawili ya mvua yaliyochanika, nikayafumua, nikashona suruali ya kuzuia upepo, ndani nikatia blanketi laini lile la manyoya mafupi. Zipu nikaiweka pembeni ya mguu mpaka gotini ili niivue bila kuvua viatu. Pamba sikuvaa hata uzi mmoja kwenye ngozi. Pamba ikilowa haikauki kule, inakugeuka. Kilichobaki cha blanketi nikashonea chupa za maji mifuko, yenye kifuniko na kamba ya kuning'iniza. Wagumu walipoziona walinizunguka kama sokoni. Wawili nimewashonea tangu hapo.

Na chupa zenyewe zina siri yake, aliyonifundisha yule yule mpagazi wa suruali. Usiku wa kilele, zigeuze kichwa chini. Maji huanza kuganda kwa juu. Chupa ikisimama, barafu inaziba mdomo na unabaki na maji usiyoweza kuyanywa. Ukiipindua, barafu inaanzia kwenye kitako, na ukiigeuza kunywa mdomo uko wazi. Nilifungua chupa yangu Cobra Point, zaidi ya mita 4,300, barafu ikigongagonga ndani, maji yakatoka. Mdogo wangu, aliyesimamisha ya kwake, alikunywa kwangu.

Kanga nayo usiiache. Ilikuwa skafu, ikawa kitambaa cha kuzuia vumbi puani, ikawa taulo, na usiku ikawa foronya iliyojazwa sweta.

Safari hii tulichukua siku nne badala ya tatu. Maji lita nne kwa siku, na ndiyo, niliamka usiku kwenda chooni, mara mbili, nikaziona nyota kwa wingi ambao Sakina haujawahi kuwa nao. Siku ya pili mchana, tulipofika Saddle, hatukulala. Tulipanda kilele kidogo cha jirani, Meru Ndogo, mita 3,820, tukakaa kidogo, tukashuka kulala chini. Mwili ukionjeshwa juu kisha ukalazwa chini unajifunza haraka. Jioni nilikula sahani nzima ya wali na njegere, na niliposhusha kijiko kiongozi alitabasamu, maana alikuwa ananihesabia.

Usiku tulitoka saa saba. Simu ilikuwa imezimwa, imefungwa kifuani kwenye joto. Kichwani nilivaa taa, betri za akiba zikiwa ndani ya soksi. Mwendo niliupima kwa rozari. Salamu Maria moja, hatua kumi na mbili, taratibu. Mafumbo matano yakiisha ni kama hatua mia sita, nasimama, nameza maji mafunda matatu, naanza upya. Rafiki wa mdogo wangu ni Mwislamu, akafanya vivyo hivyo kwa tasbihi. Rhino Point nilisimama mahali pale pale nilipotapika. Kiongozi akaniuliza majina ya watoto. Nikayataja yote matatu, na la ubatizo la kila mmoja.

Baada ya hapo kuna mwamba unaoupita kwa kushika na mikono, kisha unaingia kwenye ukingo wa majivu ambako ukipiga hatua mbili unarudi moja. Hapo rozari ilinisaidia kuliko miguu. Kulipoanza kupambazuka tukaiona kasoko. Ukuta wake ni kama kilomita moja na nusu kwenda chini, na katikati limekaa lile koni la majivu, jeusi, limenyamaza. Mara ya mwisho mlima huu kutapika ilikuwa 1910. Upande wa mashariki hauna ukuta, ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, na kwenye uwazi ule, ng'ambo, karibu kilomita 70, jua lilikuwa linachomoza nyuma ya Kilimanjaro. Nilikaa chini. Kiongozi alinipa dakika tano, akanihurumia akaongeza mbili.

Toka Cobra Point jiandae kudanganywa. Kila kichwa cha jiwe unachokiona ni kilele mpaka ukifikie. Fuata alama za rangi ya kijani kwenye mawe, usiangalie juu. Saa moja na robo nilishika ule ubao wa kileleni. Nikatoa simu kifuani, ikawaka, na mtandao ulikuwepo. Nikampigia binti yangu mkubwa, sikuweza kusema neno, akaelewa. Kibanda changu sikukiona, lakini uzi wa barabara ya Nairobi niliuona, nikajua kiko hapo hapo.

Kushuka siku hiyo hiyo hadi Miriakamba ni kazi nyingine, na magoti ya Suye yalilipa. Lakini nataka niseme jambo kuhusu msitu ambao mara ya kwanza niliupita kwa pupa. Siku ya nne tulishuka kwa njia ndefu, na askari alinionyesha nilichokosa: mbega wakiruka na mikia yao meupe kama shela, pongo akisimama sikio juu, miti iliyofunikwa nyuzi za kijivu kama ndevu za wazee. Na ule mkuyu mkubwa ambao mizizi yake imeacha upenyo wa gari kupita katikati.

Ukiwa huna nia ya kilele, au magoti yamekataa, hifadhi hii bado ni yako. Unaweza kutembea kwa miguu na askari hadi maporomoko ya Tululusia na kurudi siku hiyo hiyo, au kupiga makasia kwenye mtumbwi ziwa Momella Ndogo. Toka mjini unakwenda Usa River, unakata kushoto, basi. Nenda miezi ya ukame, Juni hadi Oktoba au Januari na Februari. Wakati wa masika utelezi ni mwingi na kilele hukioni.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu, ana miaka sabini na moja, kwa gari hadi kwenye mkuyu ule. Alishika mzizi, akatazama juu kwenye matawi, akauliza kilele kiko upande gani. Nilimwonyesha, ingawa miti ilikuwa imeziba. Akasema mwakani anataka kufika Miriakamba, pale tu, akanywe chai. Jumapili hizi tunapanda Suye wawili, yeye bila begi, rozari mkononi, hatua nane kwa kila Salamu Maria.