Jina limefutwa, mtu bado anajulikana

Kazi yangu ni kutunza data za utafiti wa afya. Madodoso yakirudi nayasafisha, nafuta majina na namba za simu, kila mshiriki nampa namba ya utambulisho. Hapo faili linahesabiwa kuwa salama, tayari kwa yeyote mwenye kibali. Kusema kweli, hatua hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Chukua mstari mmoja tu wa jedwali: mwanamke, miaka 34, mkunga, mama wa mapacha, anatumia dawa za kifafa, na pembeni jina la kata. Jina lake halimo. Lakini jirani akiuona mstari huo, anamjua papo hapo, na kama safu inayofuata ni ya majibu ya VVU, siri imeshatoka. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data wa Marekani, alikadiria kuwa asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta peke yake. Nchi kubwa kiasi kile! Sembuse kijiji cha kaya mia mbili.

Halafu kuna suala la ridhaa. Mama anasomewa fomu kuhusu utafiti wa malaria, anaweka dole gumba. Baada ya miaka kadhaa majibu yake yanafundishia programu ya akili mnemba inayotabiri ugonjwa mwingine kabisa, katika chuo asichowahi kukisikia. Pengine fomu iliruhusu "matumizi ya baadaye", na mimi sipingi data kutumika tena, maana zikifungiwa kabatini hazimponyi mtu. Ninalolilalamikia ni kwamba kamati ya maadili, ile inayoidhinisha utafiti, hufanya kazi kubwa kabla ya muhuri, wakati data ndiyo kwanza zinaanza safari.

Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, hawakungoja kupangiwa. Baada ya manung'uniko mengi, ukiwemo utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ambao viongozi wao walisema hawakushirikishwa, mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti. Anayetaka kuwatafiti apitie kwanza kwenye baraza lao.

Nami nataka hivyo kwa data. Kamati inayoamua nani apewe faili iwe na washiriki wenye kura, wanaolipwa posho kama wajumbe wengine, na ombi liandikwe kwa lugha wanayoizungumza. Anayetaka kujitoa aambiwe mapema mwisho ni lini, kwa sababu programu ikishafundishwa, kuichomoa data ya mtu mmoja ni kazi ngumu mno.

Wapo wenzangu wanaosema wananchi hawataelewa takwimu. Mbona maswali yenyewe hayahitaji takwimu? Nani ataiona kata yangu? Dawa ikipatikana, itafika kwenye zahanati yetu? Mtu aliyetoa damu yake anayaweza hayo kuliko mimi.