Siku ya kupima mkono

Leo Jumapili, siku ya futi. Kabla sijafanya lolote nimekaa ukingoni mwa kitanda na ile futi ya fundi cherehani, nikapima mkono wa kushoto, huu unaovimba, palepale pa kila wiki: kiganja, kifundo, halafu sentimita 10 juu yake, 20, 30, 40. Kisha mkono wa kulia vivyo hivyo, maana wa kushoto peke yake hauniambii kitu. Pale kwenye 30 pameongezeka sentimita 1. Nimeandika, nimefunga daftari.

Zamani nilikuwa napima asubuhi, mchana na usiku. Ikipungua nusu sentimita naimba, ikiongezeka nyumba nzima inajua. Aliyenikataza ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Dada, jioni mkono huwa umejaa kuliko asubuhi, sasa unashindana na nini? Pima mara moja kwa wiki, saa ileile."

Limfedema, yaani uvimbe unaotokana na limfu kukosa njia, ilinijia kimyakimya. Matibabu ya saratani ya titi yalikuwa yamekwisha: tezi za kwapani zimetolewa, mionzi nimemaliza, watu wameshanipongeza. Miezi minane baadaye blauzi ikanibana mkono wa kushoto. Nikailaumu, nikasema imerudi baada ya kufuliwa. Nikavaa nyingine, nayo ikabana upande uleule. Ndipo nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba, nikaona kishimo kimebaki pale, kinajaa polepole, kama kwenye udongo mbichi.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu, yale majimaji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa yake na kuchujwa na tezi, haina. Inasogezwa na mishipa yake yenyewe, na misuli inapokaza na kulegea, hata na pumzi. Tezi zikiondolewa, na mionzi ikiacha makovu, njia inakuwa nyembamba. Maji yanabaki mkononi pamoja na protini, na yakikaa sana nyama inaanza kuwa ngumu. Ndiyo maana vidonge vya kukojoza havikuwa dawa yangu. Vinapunguza maji, protini inabaki palepale.

Kosa langu kubwa lilikuwa woga. Wakati natoka wodini niliambiwa mkono huu usibebe kitu, basi, bila maelezo. Nikalitii agizo zaidi ya mwaka. Niliulea kama yai: mkoba upande wa kulia, ndoo abebe mwingine, hata shuka nilikung'uta kwa mkono mmoja. Bega likakakamaa, misuli ikanywea, na mkono uliokuwa unapumzishwa hivyo ukazidi kuwa mzito. Yule mtaalamu alipoona siwezi kuufikisha juu ya kichwa alinisimulia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009. Wanawake 141 wenye tatizo hili waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo na kuongeza kidogo kidogo, soksi za kubana zikiwa mikononi. Mwaka ulipoisha mikono yao haikuwa imevimba kuliko ya wenzao, na walipata nguvu zaidi. Mimi nilianza na chupa ya maji ya nusu lita. Usicheke. Siku ya kwanza nililia, na haikuwa kwa maumivu.

Soksi ya mkono ndiyo kazi ya asubuhi, mkono ukiwa bado mwembamba. Navaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, naikunja soksi hadi kwenye kifundo, napitisha kiganja, halafu naipandisha kwa kuisugua kidogo kidogo, siivuti kwa juu. Mkunjo mmoja ukibaki kwenye kiwiko unageuka kamba, na jioni utaukuta umejichora kwenye ngozi. Ikianza kuingia kirahisi, ujue imechoka. Yangu hudumu kama miezi sita.

Usiku naivua, najikanda. Nilipoambiwa kukandwa nilidhani nitafinyangwa hasa, kumbe mkono unapita mwepesi mno, unasogeza ngozi tu. Unaanza na pumzi za tumboni, shingo, kwapa la upande usiougua, ndipo unashuka kwenye mkono wenyewe. Namna hii ya kukanda ilionyeshwa Paris mwaka 1936 na Emil Vodder wa Denmark, aliyeibuni pamoja na mkewe Estrid. Nami huwashukuru, isipokuwa usiku nikiwa na usingizi.

Halafu mafuta ya kulainisha ngozi, kila siku, bila kuruka. Hilo nilifundishwa na mwiba. Ulinichoma kidogo kidoleni, nikaupuuza. Kesho yake jioni natetemeka kwa baridi, mkono wa moto, wekundu unapanda. Niliyemkuta zamu aliniambia ni mzio, nikarudi nyumbani. Nikazungushia ule wekundu mstari wa kalamu. Alfajiri ulikuwa umeuvuka kwa vidole vitatu. Nikarudi, safari hii nikamwonyesha daktari mwingine ule mstari kabla hata ya salamu. Ilikuwa selulaitisi, maambukizi ya ngozi, nikaanzishiwa antibayotiki hapohapo. Mkono wenye limfu iliyotuama hauna subira na vijidudu. Sasa nikiona wekundu na homa sisubiri kupambazuke.

Hii sentimita 1 ya leo naijua ilikotoka. Ijumaa binti yangu alihama. Soksi moja ilikuwa kambani inadondosha maji, nyingine imelegea na sijaibadilisha, nikaenda mkono mtupu. "Mama, weka chini hilo boksi." Sikuweka. Nilibeba mengi, na mojawapo lilikuwa la vitabu, ambalo hata mwenye mkono mzima angelifikiria mara mbili. Nilikosea kwenda bila soksi, hapo sijitetei. Lakini jioni ile niliketi sakafuni kwake, mkono nimeuinua juu ya mto, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo siku nyingi.

Amepiga simu sasa hivi kuuliza mkono unasemaje. Nimemwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kesho nitakuja, maana kabati bado halijapangwa.

Nimetoka nje kuishika soksi kambani. Upande wa kiwiko bado una unyevu.